Bisi za saa nne na nusu usiku

Bisi zilitakiwa ziwe tayari kabla ya saa nne na nusu usiku. Bibi mwenye nyumba alizikaanga kwenye sufuria ya alumini ambayo mfuniko wake ulibonyea upande mmoja, akiitikisa juu ya jiko kwa mikono miwili huku kichwa kakiinamisha, anasikiliza. Mlio ukipungua ikabaki punje moja moja, anazima moto. Anamimina kwenye bakuli la mbao, ananyunyiza chumvi, ananiita. Nami nashuka kutoka chumba cha juu, soksi mbili mbili miguuni, kanga nimejitanda juu ya sweta, kwa sababu Desemba ya Nebraska, Marekani, si ya kuchezea kwa mtoto wa Tanga.

Mwaka ulikuwa 1989. Nilifika Lincoln mwezi Agosti kusoma chuo kikuu, nikapanga kwa mama huyo mjane aliyekuwa ameshapita miaka sabini. Nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza. Nilimfundisha kuitikia shikamoo, naye akawa anasema "marahaba" kila asubuhi kwa lafudhi yake, hata nikiwa nimechelewa na ninapita mbio. Sebuleni alikuwa na televisheni ya Zenith iliyojengewa ndani ya kabati la mbao, na chini yake deki. Mimi nilikuwa mtu wa redio. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara hatukupata kituo hata kimoja mpaka 1994. Kicheko changu chote cha utotoni kilipitia masikioni: Pwagu na Pwaguzi kwenye Redio Tanzania, watu kumi barazani na redio moja, na ole wake atakayekohoa kabla sentensi haijaisha.

Saa nne na nusu ikifika, bendi ya Doc Severinsen inapiga, Ed McMahon analitangaza jina kwa sauti ya kuvuta mpaka unadhani pumzi zitamwishia, na pazia la rangi rangi linafunguka. Anatoka Johnny Carson, mwenyeji wa The Tonight Show, kipindi cha usiku cha vichekesho na mahojiano, suti imemkaa, mikono hajui aiweke wapi. Bibi alikuwa akiinua bakuli kidogo, kama mtu anayemkaribisha mgeni mezani.

Kwa watu wa Lincoln, Carson alikuwa mtoto wa nyumbani. Alizaliwa Corning, Iowa, mwaka 1925, lakini alikulia Norfolk, Nebraska, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka pale tulipokaa, na alimaliza chuo kikuu kile kile nilichosoma mimi, mwaka 1949. Tasnifu yake ilihusu namna ya kuandika vichekesho, na hakuiandika karatasi tupu: aliirekodi kwenye utepe, akachanganya maelezo yake na vipande vya wachekeshaji wa redio wa zama zile. Niliposikia hilo nilimpenda zaidi. Kumbe naye alijifunza kucheka kwa sikio, kama sisi wa barazani.

Miezi ya kwanza sikuelewa kitu. Carson anasimama mbele ya pazia, anataja habari za siku, anamgusa Dan Quayle, makamu wa rais, watu wanaangua kicheko, nami natazama bakuli. Kiingereza nilikuwa nacho, cha darasani na cha vitabuni. Kilichonikosesha kicheko ni yale ambayo kila mtu pale ukumbini aliyajua tangu utoto na hayakuhitaji kutajwa. Matangazo ya biashara yakiingia, ndipo darasa langu linapoanza. Bibi ananieleza Quayle ni nani, kwa nini watu wanamcheka, Burbank iko wapi na kwa nini jina lake tu linachekesha. Kipindi kilihamia huko, California, kutoka New York mwaka 1972, na aliieleza habari ya kuhama kwake kama watu wa kwetu wanavyoeleza jirani aliyeondoka mtaani.

Kitu cha kwanza nilichokielewa bila kufasiriwa ni kichekesho kilipokufa. Carson alitoa mzaha, ukumbi ukanyamaza. Mimi mgongo ulinipata baridi kwa niaba yake. Yeye hakukimbia. Alikaa pale pale kwenye ule ukimya, akawatazama watu, akagonga maikrofoni kwa kidole kama anayehakiki kwamba ni nzima. Bendi ikaanza wimbo laini wa zamani, naye akacheza, hatua ndogo ndogo, uso hauna hata tabasamu. Watu walicheka kuliko ambavyo wangeucheka ule mzaha wenyewe. Nilicheka mpaka nikapaliwa na bisi. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimesimama darasani kuwasilisha kazi yangu, ulimi ukakwama, nikarudi kukaa huku karatasi zinatetemeka mkononi, na tangu siku hiyo sikuwa nimefungua mdomo mbele za watu. Usiku ule niliona mtu anaanguka mbele ya nchi nzima, kisha anaikalia ile aibu mpaka inageuka starehe ya wote.

Lakini nilichokishika zaidi ni lile kochi. Upande mmoja wa meza ya Carson kulikuwa na kiti cha mgeni, na pembeni yake kochi refu. Mgeni wa kwanza akimaliza mazungumzo haondoki. Anasogea, anampisha wa pili. Wa pili anasogea, anampisha wa tatu. Mwisho unakuta mwigizaji mzee wa filamu, mtu wa bustani ya wanyama ya San Diego na kijana mchekeshaji ambaye jana hakuna aliyemjua, wote wamekaa bega kwa bega, wanasikilizana, mmoja anadakia neno la mwenzake. Nilimwambia Bibi: hii ni baraza. Akauliza baraza ni nini. Nikamchorea nyuma ya bahasha nyumba yetu ya Ngamiani, nikamwonyesha anapokaa babu, anapokaa jirani, na jinsi kila anayefika anavyosogezewa nafasi. Bahasha ile aliibandika kwenye jokofu, na siku naondoka ilikuwa bado ipo.

Wachekeshaji walikuwa na njia yao peke yao ya kufika kwenye kochi hilo. Mchekeshaji mchanga angehangaika miaka kwenye vilabu vya usiku, pengine The Comedy Store pale Sunset Boulevard, akisubiri mtu wa kipindi aje amwone. Akipita, anapewa dakika tano, sita hivi. Anatoka kwenye pazia peke yake, anasimama, anasema yake. Akimaliza, anageuza macho kumtafuta Carson. Kuna waliopigiwa makofi yakaishia hapo. Kuna waliopewa ile ishara ya kidole gumba na cha shahada vimeshikana, kwamba safi. Na kuna wachache mno walioitwa kwa mkono: njoo ukae. Freddie Prinze aliitwa hivyo Desemba 1973, akiwa na miaka 19, usiku wake wa kwanza kabisa. Mwaka uliofuata alikuwa na kipindi chake mwenyewe, na Januari 1977 alikuwa ameshafariki, ana miaka 22. Bibi alipolitaja jina hilo aliweka bakuli chini.

Alikuwa na kanda za video kabati zima, kila moja ina tarehe na majina kwa mwandiko wake wa kalamu ya wino. Jumamosi mchana, nje theluji, tulizirudia. Kanda iliyolika kuliko zote ilikuwa ya Novemba 1986: Ellen DeGeneres, mara yake ya kwanza. Anasimama, anajifanya anampigia Mungu simu kumuuliza kwa nini aliumba viroboto. Anauliza, kisha ananyamaza, anasikiliza simu. Sehemu tamu haimo katika anachosema. Imo kwenye ule ukimya, usoni mwake, akipokea jibu ambalo sisi hatulisikii. Akamaliza, Carson akamwita. Alikuwa mchekeshaji wa kwanza wa kike kuitwa kwenye kochi usiku wake wa kwanza, na kipindi kile kilikuwa na miaka 24 mikononi mwa Carson. Bibi alisimamisha kanda pale mkono wa Carson ulipoinuka, akaniambia nitazame uso wa yule dada, si mkono. Nilitazama. Nadhani niliirudisha nyuma mara nne.

Miaka 24! Hilo nalo lazima lisemwe, maana mapenzi yangu kwa kipindi kile hayanifungi macho. Mchekeshaji Joan Rivers alipanda jukwaa lile mwaka 1965, na kuanzia 1983 ndiye alikuwa mshika kiti rasmi Carson akiwa likizo. Mwaka 1986 alikubali kuanzisha kipindi chake kwenye kituo kingine, Carson akakasirika kwamba hakuambiwa na yeye mwenyewe mapema, na hakusema naye tena mpaka anakufa. Wala Joan hakurudi kwenye kipindi kile mpaka 2014, mwaka ambao naye alifariki. Bibi alimtetea Johnny wake. Mimi nilikataa, na tulibishana mpaka bisi zikapoa. Naona hivyo hata leo: mwenyeji aliyewasogezea wengi nafasi alishindwa kusogea mwenyewe kwa mtu mmoja.

Siku nyingine alinihadithia Februari 1968, wiki ambayo mwimbaji Harry Belafonte aliketi kwenye kiti cha Carson. Mtu mweusi, wiki nzima, ndani ya sebule za Nebraska, na miongoni mwa wageni wake walikuwamo Martin Luther King na Robert Kennedy. Kabla Juni haijaisha wote wawili walikuwa wameuawa. Nikamwambia kwamba Belafonte huyo huyo aliimba Malaika, wimbo wetu, pamoja na Miriam Makeba. Hakuniamini, basi nikamwimbia pale pale jikoni, naye akaacha kuosha vyombo. Niliuliza kama ana kanda ya wiki ile. Hakuwa na deki mwaka 1968, na kituo chenyewe kilifuta sehemu kubwa ya kanda za miaka kumi ya kwanza ya Carson ili zirekodiwe mambo mengine. Kwa hiyo usiku mwingi wa zama zile umebaki vichwani mwa wazee kama yeye tu. Inaniuma. Ndiyo maana nimeandika haya.

Februari 1991 baba yangu alifariki Tanga. Barua ilichukua wiki tatu. Nilipoifungua, arubaini ilikuwa karibu, na nauli sikuwa nayo. Nilisoma mitihani, nilifanya kazi yangu ya maktaba, watu wakaniambia nimejikaza vizuri. Bibi hakusema hivyo. Aliendelea kunikaangia bisi na kuniachia upande wangu wa kochi.

Juni mwaka ule mtoto wa Carson, Rick, aliyekuwa mpiga picha, alikufa kwa ajali ya gari. Mwezi uliofuata Carson alirudi kazini. Kipindi kilikwenda kama kawaida, mizaha, wageni, kalamu yake ya risasi yenye vifutio pande zote mbili inagonga meza. Mwishoni akasema kwamba magazeti yalitoa picha ya leseni ya mwanawe, na kwamba haikuwa sura yake. Akatuonyesha picha nyingine, kijana anacheka. Kisha akatuonyesha picha alizopiga yule kijana mwenyewe, za mandhari, moja baada ya nyingine. Basi. Sauti yake ilikaza kidogo tu. Hakuomba huruma ya mtu. Mimi ndipo nilipomlilia baba yangu, miezi mitano baadaye, kichwa kwenye bega la bibi wa Kimarekani aliyeshika bakuli ili lisimwagike.

Novemba ile nilishuhudia mwenyewe, bila kanda, mchekeshaji mpya akiitwa kwenye kochi. Drew Carey, mnene, miwani mizito. Carson alicheka mpaka akawa anajifuta macho, na mkono ukainuka. Nilipiga kelele kama tumefunga bao.

Mei 1992 ilikuwa ya kuagana. Alhamisi ya tarehe 21 walikuja mchekeshaji Robin Williams na mwimbaji Bette Midler, wageni wa mwisho kabisa. Robin alimletea kiti cha bembea. Bette aliimba wimbo wa buriani, na kamera mojawapo ikawachukua kutoka upande wa pili wa jukwaa: mwimbaji mbele, Carson kwa mbali nyuma ya meza yake, kidevu mkononi, macho yamejaa. Miaka karibu 30 kila mtu anamtazama yeye, na picha ninayoikumbuka kuliko zote ni ya yeye anamtazama mtu mwingine. Ijumaa hakukuwa na mgeni. Alikaa kwenye stuli mbele ya ndugu na wafanyakazi wake, akashukuru, akaaga.

Jumatatu iliyofuata alianza mrithi wake, Jay Leno. Bibi alikaanga bisi kwa mazoea tu, tukazila jikoni.

Nilirudi nyumbani, na baada ya miaka michache nikawa mtangazaji wa redio Dar es Salaam. Mwaka 1996 nilipewa kipindi cha mahojiano cha usiku. Furaha niliyokuwa nayo haisemeki. Mgeni wangu wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Tanga aliyeigiza vichekesho jukwaani enzi za ujana wake, mtu niliyemsikia akisifiwa na baba. Nilijiandaa mno. Nilizijua hadithi zake zote, na hapo ndipo nilipoharibu. Kila akianza, namalizia. Akivuta pumzi, naingia. Akifika penye utamu, nimeshautoa mimi, tena kwa kicheko. Katikati ya kipindi mzee alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti, akaniuliza kwa upole kabisa, maikrofoni ikiwa wazi: "Mwanangu, kichekesho hiki ni changu au chako?"

Sikulala. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu kwenye lile kochi nikitazama namna mtu anavyompisha mwenzake, na siku nilipopewa kiti nilikijaza peke yangu. Asubuhi nilikwenda nyumbani kwa mzee, Temeke, na kilo mbili za sukari mkononi. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Akasema hana neno, ila ile hadithi ya nahodha na mbuzi bado inamkaa kooni. Nikamwomba arudi.

Alirudi wiki mbili baadaye. Safari hii nilikuja na kalamu ya risasi niliyonunua dukani, haikuwa na kifutio hata upande mmoja, nikaishika kwa mikono miwili chini ya meza. Nilimkaribisha, nikamuuliza habari za nahodha, nikafunga mdomo. Mzee akaanza kuijenga taratibu. Jahazi, upepo, mbuzi aliyekataa kushuka. Akafika mahali akanyamaza.

Alinyamaza sana. Redioni sekunde tano za ukimya ni nyingi. Hizi zilipita tano. Ulimi uliniwasha, maneno nilikuwa nayo. Fundi mitambo nyuma ya kioo alianza kunizungushia mkono: sema, sema, hewani kumekufa. Nikamtazama mzee. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeshika simu anasikiliza. Nikaikaza ile kalamu. Mzee akageuza macho kwangu, akaona kwamba simwingilii, akatabasamu kidogo sana, akavuta pumzi, akalitoa lile neno lake la mwisho.

Fundi alianguka kifudifudi juu ya mitambo yake, na kwa muda hewani hapakusikika kitu isipokuwa mzee akinisubiri nimalize kucheka.